Bibi wa Mchangani Ajibiwa

Palikuwa na nchi, na jamani si hii yetu, kwa hiyo acheni kutazamana. Nchi hiyo iliitwa Tosheka, na watu wake walitosheka kwa mujibu wa sheria. Mtu akionekana barabarani hajatosheka, askari alimwuliza kwa upole ana tatizo gani, na mara nyingi tatizo liliisha papo hapo, pamoja na meno mawili matatu.

Tosheka ilikuwa na wizara nyingi, ila iliyopendwa zaidi na Mtukufu Rais ni Wizara ya Kubana Matumizi. Wizara hii ilikaa kwenye jengo la ghorofa thelathini. Ilikuwa na manaibu waziri wanne, na kila naibu alikuwa na magari matatu: la kumbeba yeye, la kubeba suti yake ya akiba, na la kufuata nyuma kukagua kama hayo mawili hayatumii mafuta mengi. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Lukumba, alikuwa na tumbo la kutangulia na sauti ya kubembeleza. Kila mwaka alisafiri na ujumbe wa watu arobaini kwenda nchi za baridi, kujifunza jinsi wenzetu wanavyopunguza safari.

Tena Tosheka ilikuwa na uwazi. Msicheke. Sheria ya Uwazi ilisema kila mwananchi ana haki ya kuhoji matumizi ya serikali, mradi ahoji kwenye blogu moja iliyoidhinishwa, na mradi kwanza ajaze fomu: jina, kijiji, na alama ya nyumba inayoonekana vizuri kutoka barabarani. Blogu hiyo iliitwa Serikali Inasikia. Aliyeiandika na kuwajibu wasomaji wake ni Nasibu Kitogo, cheo chake Mjibu Hoja wa Taifa.

Nasibu alikuwa kijana mtanashati wa miaka thelathini na minne. Alivaa miwani ya kioo kitupu, kwa sababu aliambiwa takwimu zinaaminika zaidi zikitoka kwa mtu mwenye miwani. Mjini aliwaambia watu kwamba wazazi wake walikuwa mabalozi, wakafa wote wawili kwenye ajali ya ndege ughaibuni. Ukweli ni kwamba baba yake alikufa kwa kuhara, mama akafuata, na yeye akalelewa na shangazi yake, Somoe, katika kijiji cha Mchangani, pale lami inapoishia na funza wanapoanzia. Bi Somoe hakujua a wala be. Aliuza togwa kwenye uzio wa shule miaka mingi ili Nasibu akae ndani ya uzio huo, na alipomaliza akauza shamba ili aende chuo kikuu. Nasibu alimpenda sana shangazi yake. Kila Ijumaa akipigiwa naye simu, alikimbilia ngazi za dharura na kufunga mlango, mtu asije akasikia lafudhi.

Kazini alikuwa hodari, tusimnyime haki yake. Mwalimu mmoja wa Kibokwe aliandika kuhoji kwa nini wanafunzi wake wanakaa sakafuni wakati wizara imenunua viti vya kukanda mgongo. Nasibu akajibu: "Ndugu msomaji, mtoto aliyekaa chini haanguki. Serikali inajali usalama." Mjane mmoja akalalamika kwamba gari la wagonjwa linabeba mbuzi wa mkuu wa wilaya. Nasibu akamwuliza kama amewahi kumwona mbuzi akiandika malalamiko. Mgonjwa mmoja akasema hospitali yao inalaza watu watatu kitanda kimoja, akajibiwa kwamba huo ndio ujirani mwema ambao Mtukufu amekuwa akiuhubiri. Wizara nzima ilicheka mpaka manaibu wakalegeza mikanda.

Baada ya kujibiwa, msomaji alifuatwa nyumbani kwake, kwenye ile alama ya nyumba, akapelekwa Darasa la Shukrani. Huko watu walifundishwa kusema ahsante mara elfu kwa siku, na aliyekosea hesabu alianza upya, na aliyechoka alisaidiwa na fimbo. Yule mwalimu wa Kibokwe alirudi baada ya miezi miwili. Watu wanasema siku hizi ukimkanyaga anakushukuru, na ukichelewa kuondoa mguu anakushukuru tena.

Basi haya mambo yakazaa matunda. Ikafika wiki hakuna hoja hata moja. Ikafuata nyingine.

Katibu Mkuu wa wizara, Bi Zamaradi, mwanamke mkavu aliyevaa funguo kiunoni kama mlinzi wa ghala, akamwita Nasibu ofisini.

"Wiki hii umejibu hoja ngapi?"

"Hakuna hoja, mama. Wananchi wameridhika."

"Hongera sana," alisema Bi Zamaradi. "Kazi nzuri. Na wewe ni msomi, utanielewa. Kama hakuna anayehoji, anayejibu wa nini? Hii ni Wizara ya Kubana Matumizi. Mwisho wa mwezi ukabidhi nyumba na gari."

Maskini Nasibu! Alitoka mle ofisini jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi. Nyumba ile ilikuwa Mtaa wa Mabalozi, ina bustani, ina mlinzi anayempigia saluti. Akitolewa mle ataelekea wapi, kama si Mchangani? Akawaza akapata wazo ambalo angelipata mtu yeyote mwenye cheo. Kama wahoji wamekwisha, atengeneze wa kwake.

Mwanzoni hakuweza. Kwa miaka mitano alikuwa ameandika sifa tu, na kulalamika ni ufundi, unataka mazoezi. Aliandika "Serikali irekebishe baadhi ya mambo," akaogopa mwenyewe akafuta. Akaandika "Matumizi yamezidi kidogo lakini kwa nia njema," akaona hata mbuzi wa mkuu wa wilaya asingehangaika kuijibu hoja hiyo.

Ijumaa simu ikalia. Akakimbilia ngazini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekula?"

"Nimekula. Habari za huko?"

"Huku tumeendelea, baba. Zahanati wametujengea geti. Geti la chuma, lina picha ya Mtukufu anacheka. Dawa ndiyo hamna. Juzi mtoto wa jirani kaumwa na nyoka, wakamkimbiza, wakafunguliwa geti, akafia ndani. Tunashukuru kwa kweli, zamani tulikuwa tunafia nje."

Hakusema kwa kejeli. Bi Somoe alikuwa akieleza tu. Lakini Nasibu mikono ilianza kumwasha, akamkatisha, akapanda ngazi mbili mbili mpaka mezani kwake, akayaandika yale maneno kama yalivyo. Chini akaweka jina: Bibi wa Mchangani. Fomu ikamgomea. Ilitaka alama ya nyumba, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshauri zamani kwamba fomu isipokee uongo, iwe inakagua kila alama kwenye daftari la vijiji. Nasibu alikuwa na haraka. Akaandika alama pekee aliyoijua kwa moyo: nyumba ya mlango wa bluu, nyuma ya kisima kilichozinduliwa mara nne. Fomu ikakubali. Akajijibu: "Bibi, kufia ndani ni hatua. Tunakwenda hatua kwa hatua."

Siku hiyo blogu ilisomwa kuliko miaka yote mitano. Bi Zamaradi akampitia mezani. "Umemweza," alisema. Habari ya kukabidhi nyumba haikutajwa tena.

Kuanzia hapo Nasibu alizipenda Ijumaa. Alikuwa akimdadisi shangazi yake kwa maswali, na Bi Somoe, masikini, akafurahi kwamba mtoto amekumbuka nyumbani, akawa anakusanya habari wiki nzima ili asikose la kumwambia. Alisema kisima kimezinduliwa mara nne, kila mara kwa utepe mpya na mkasi mpya, na kwamba maji hayajatoka ila kijiji sasa kina mikasi minne na nywele za watoto zinapendeza. Alisema alikuja afisa kuwafundisha kubana matumizi, akawaambia wale milo miwili tu kwa siku, wakashangilia sana, wakamwuliza huo wa pili utaanza kuletwa lini. Yote Nasibu aliyaandika, na yote akayajibu.

Ila kukawa na jambo. Watu walicheka, lakini hawakucheka upande wa Nasibu. Majibu yake waliyaruka. Wauza nyanya wakayasema maneno ya Bibi sokoni, wanafunzi wakayachora vyooni, na katika harusi moja mshereheshaji alipoona chakula hakitoshi akatangaza kwamba mlo wa pili uko njiani, ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Hata Mtukufu Rais, aliposomewa habari ya mikasi, alicheka. Kisha akanyamaza, akauliza ni nani amecheka, na wote waliokuwa mle chumbani wakasema si wao.

Jumatatu Bi Zamaradi akaingia ofisini kwa Nasibu, funguo zikilia kiunoni.

"Tumempata."

"Nani?"

"Bibi wako. Wewe ulidhani fomu tunajazisha za nini? Gari limeondoka alfajiri. Mlango wa bluu, nyuma ya kisima." Akamtazama. "Mbona umekauka? Unamfahamu?"

Hapa, wapenzi wangu, ndipo mtu mwingine angesema neno. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Nasibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Namfahamu kwa hoja tu," alisema.

Akajifariji kwamba Bi Somoe hajui kusoma wala kuandika. Watampa kalamu, wataona, watamrudisha kwake na nauli juu. Serikali si wanyama. Aliyasema haya kwa nafsi yake akiwa anakula pilau, na akaimaliza.

Kweli, walimpa kalamu. Akaishika kichwa chini. Taarifa ya uchunguzi, ambayo Nasibu aliletewa aihariri kwa sababu alikuwa na lugha nzuri, ilisema hivi: "Mtuhumiwa anaigiza kutojua kuandika kwa ustadi wa hali ya juu, jambo linaloashiria kwamba amefunzwa nchi za nje. Aidha, mtu asiyejua kuandika ambaye ameandika hoja kumi na mbili ni hatari kuliko anayejua." Nasibu aliona koma moja imekaa vibaya. Akaisogeza.

Ijumaa simu haikulia. Alikwenda ngazini hata hivyo, akasimama kidogo, akarudi.

Siku ya Uwazi ilifanyika katika Ukumbi wa Kubana Matumizi. Ukumbi huo ulikuwa na viyoyozi vingi mno hata wageni wakawa wanaugua mafua, na wizara, kwa busara zake, badala ya kuzima viyoyozi iliagiza makoti ya manyoya mia sita. Kwa hiyo viongozi wote walikaa mle wamevaa manyoya, wamejikunja kama vifaranga, na nje jua lilikuwa linapasua mawe. Nasibu alikaa safu ya mbele, koti mpaka kidevuni, daftari mapajani. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kutoa jibu la mwisho.

Wakamleta Bi Somoe. Alivaa khanga mbili zilizopauka na hakupewa koti, maana makoti yalikuwa ya waalikwa. Jicho moja lilikuwa limevimba. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, na alitazama huku na huku kwenye taa zile kama mtu aliyekosea mlango.

Mheshimiwa Lukumba akasimama. "Ndugu zangu wabana matumizi! Serikali sikivu, inayoongozwa na Mtukufu msikivu, imesikia sauti ya bibi huyu. Na kwa kuwa imeisikia, imeifuata. Na kwa kuwa imeifuata, imeikuta. Na sasa imekuja kuisikia tena, kwa karibu zaidi, kwa gharama zake yenyewe!"

Ukumbi ukapiga makofi, mazito kidogo kwa sababu ya glavu. Waziri akafungua karatasi, akasoma habari ya geti la zahanati kwa sauti ya msiba. Alipofika kwa mtoto aliyefia ndani, uso wa Bi Somoe ukachangamka.

"Hayo maneno ni yangu!" alisema.

"Unakiri?"

"Nakiri nini baba? Geti si lipo? Njooni mlione, mmelijenga wenyewe."

Mtu mmoja nyuma akaguna, akawahi kukohoa. Waziri akapangusa paji la uso, ingawa palikuwa na baridi ile.

"Mama yangu, sikiliza kwa makini. Mtukufu ana huruma. Mdomo haumkasirishi Mtukufu. Midomo ya wazee tumeizoea. Anachotaka ni mkono ulioandika. Tuonyeshe huo mkono, na leo hii hii utarudishwa nyumbani kwako kwa gari la wizara. Ukishindwa, tutaamini mkono ni wako, na Darasa la Shukrani kwa mtu wa umri wako, kusema kweli, hatujaona aliyemaliza."

Bi Somoe akacheka kidogo. Kumbe shida yote ilikuwa hiyo! Siku tano wanampiga makofi na kumshikisha kalamu, kumbe walitaka kujua jambo dogo namna hii.

"Mngeniuliza tangu mwanzo," alisema. "Mimi nilikuwa nazungumza tu na mwanangu kwenye simu, kila Ijumaa. Amesoma sana huyo, ana kazi kubwa hapa hapa mjini. Mzungumzaji mzuri, mtamwelewa." Macho yake yakapita safu ya mbele, koti moja baada ya jingine, yakasimama. Alitabasamu mpaka lile jicho bovu likajifinya. "Si yule pale! Mwenye miwani. Baba, hebu waambie."

Manyoya mia sita yakageuka. Bi Zamaradi, aliyekaa kiti cha pili, akasogeza kiti chake pembeni kidogo, taratibu, bila kumtazama Nasibu.

"Mjibu Hoja," alisema Waziri, na sasa sauti haikuwa ya kubembeleza. "Unamjua huyu mama?"

Nasibu akasimama. Tumseme alivyokuwa: moyo ulimwuma. Ulimwuma kweli kweli, akaona togwa, akaona uzio wa shule, akaona shamba lililouzwa. Aliona pia bustani ya Mtaa wa Mabalozi, na yule mlinzi wa saluti, na yule mwalimu wa Kibokwe anayeshukuru akikanyagwa. Akapiga hesabu yake haraka haraka, na hesabu ikatoka upande ule ule ambao hesabu za Tosheka hutokea.

"Mheshimiwa, wazazi wangu walikuwa mabalozi," alisema. "Huyu mama simjui."

Viyoyozi vilivuma.

Bi Somoe hakulia. Alisimama akimtazama, midomo wazi kidogo, na tabasamu lilikuwa bado halijaondoka lote. Kisha akamwomba askari amsogeze, na askari, sijui kwa nini, akamsogeza. Akafika mbele ya Nasibu. Akaitazama miwani, akalitazama koti, akatazama vidole vilivyong'ang'ania daftari. Miaka yote ile ya kuuza togwa ilikuwa imemfundisha kumjua mtu mwenye njaa na mtu mwenye woga, na humu ndani alikuwa haoni hata mmoja mwenye njaa.

Akamgeukia Waziri.

"Nisameheni, baba zangu," alisema. "Macho ya uzee haya. Nimemfananisha."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Wangu angeniamkia."

Nasibu alitazama daftari lake. Neno shikamoo ni fupi, mtoto wa miaka miwili analiweza, na lilikuwa limemkaa kooni pale, tayari kabisa.

"Andikeni mkono ni wangu," Bi Somoe aliendelea, akijifunga khanga vizuri kifuani. "Huo wa kulia. Twendeni basi, humu ndani kuna baridi."

Mheshimiwa Lukumba akashukuru sana kwa ushirikiano wa mwananchi, akatangaza kwamba uwazi umeshinda, na itifaki ikaagiza makofi matatu. Walipiga wote. Nasibu alichelewa la kwanza, akapiga mawili yaliyobaki kwa nguvu, kwa sababu Bi Zamaradi alikuwa anamtazama mikono.